Kabla Hujagusa Muundo, Tazama Kalenda ya Mvua

Juma lililopita dada mmoja aliyeko Iringa aliniandikia kwamba ameteuliwa kuratibu mageuzi ya muundo katika mtandao wa kimataifa wa utafiti wa kilimo, akaniuliza swali moja tu: aanzie wapi. Nilimjibu kwa mistari michache, lakini jibu lenyewe ni refu na bado linaniuma, kwa hiyo nimeona niliandike lote kwa ajili yake na kwa ajili yenu mnaotamani, kama nilivyotamani mimi, kushika madaraka makubwa ya utafiti mkiwa hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, bila kuhamia Nairobi wala Dar es Salaam.

Kazi hiyo niliwahi kuishika. Mtandao wenyewe sitautaja. Ofisi yetu ilikuwa Mbeya, si mbali na njia panda ya Uyole, nasi tulishughulika na majaribio ya maharage katika nchi tatu zilizokuwa na ofisi tatu, wahasibu watatu na taratibu tatu za manunuzi. Nilikabidhiwa jukumu la kuzifanya kuwa moja, na nilijivunia sana.

Hoja ya kuunganisha ilikuwa na uzito wake. CGIAR, mtandao mkubwa kuliko yote katika fani hii, ilianzishwa mwaka 1971 ikikusanya vituo vilivyokuwapo tayari, vikiwamo IRRI cha Ufilipino, CIMMYT cha Meksiko, IITA cha Ibadan, Nigeria, na CIAT cha Kolombia, kila kimoja kikiwa na bodi yake na mkurugenzi wake, na baadaye vituo vikaongezeka. Wafadhili walilalamika kwamba fedha zinatawanyika na vituo vinarudia kazi za vingine. Ndipo yakaja mageuzi yaliyoanza 2008, programu za pamoja zilizoanza 2011, muundo mwingine wa 2016, kisha Novemba 2019 uamuzi wa kuwa na CGIAR moja, yaani vituo kuwa chini ya uongozi wa pamoja. Ipangeni miaka hiyo kwenye mstari, halafu mkumbuke kwamba mbegu mpya ya maharage, tangu siku ya kuchavushwa kwa mkono hadi kuidhinishwa baada ya majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, huchukua karibu miaka kumi. Mbegu iliyochavushwa 2008 ilipitia miundo miwili mipya kabla haijamfikia mkulima. Mimi niliufahamu mstari huo kwa kichwa na niliutumia kwenye mawasilisho yangu, lakini sikuwahi kuuweka kando ya kalenda ya shamba.

Tarehe ya kuanza muundo wetu mpya ilikuwa 1 Januari, kwa sababu ndio mwanzo wa mwaka wa fedha wa mtandao. Vikao vya miezi iliyotangulia sitavisimulia. Itoshe kusema kwamba nilikubali malipo yote, hata ya kibarua wa siku moja, yapitishwe na makao makuu nje ya nchi. Huku kwetu, hasa kwenye miinuko ya Umalila, maharage ya msimu wa pili hupandwa Machi ili yakomae mvua zinapopungua. Tuliomba fedha za vibarua, mbolea na mafuta ya gari mwezi Februari, na kibali kikaja Mei, mvua zikiwa zinaaga. Vishamba vya majaribio vilibaki na magugu, na mwaka mzima wa uteuzi wa mbegu ukapotea.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ningeweza kulisahau. La pili lina sura ya mtu.

Katika orodha ya nafasi zilizofutwa ilikuwamo ya fundi sanifu wetu, mzee aliyefanya kazi shambani kwa miaka mingi kuliko mtafiti yeyote kati yetu. Kwenye jedwali nafasi yake ilionekana kurudia nafasi ya fundi mwingine wa nchi jirani, na sahihi iliyo chini ya jedwali hilo ni yangu. Siku ya kuondoka aliingia ofisini akiwa na daftari lenye jalada gumu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani alikuwa amechora ramani za vishamba kwa penseli, kwani wino huyeyuka kwenye manyunyu, na pembeni mwa kila mstari kulikuwa na alama zake mwenyewe. Aliniambia, "Mwanangu, mimi kuondoka si neno. Je, hivi vishamba namwachia nani?" Nikamwambia kila kitu kimo kwenye kompyuta. Akatikisa kichwa taratibu, akaondoka na daftari lake, nami sikumzuia.

Kwenye kompyuta yalikuwamo mavuno. Ni mfuko upi wa ghalani ulitoka kishamba kipi, hilo lilikuwa kwenye alama za mzee. Mwezi Juni, baridi ikiwa kali, nilipanda hadi kijijini kwake Umalila kumwomba msamaha na msaada. Alikuja, akakaa ghalani siku mbili. Alikuwa akimimina punje chache kiganjani, anazigeuza ili vitovu vyake vitazame juu, anaangalia rangi ya duara linalokizunguka kitovu, kisha anafungua daftari na kutaja namba. Mifuko mingi ilipata jina lake, lakini michache haikupata hadi leo. Alipokea nauli tu.

Wapendwa, msijifiche nyuma ya neno wafadhili. Mimi nilijificha humo mwaka mzima, ilhali hakuna mfadhili aliyeniagiza nifunge mkoba wa vibarua mwezi Machi. Aliyetaka hesabu safi angeridhika na kiwango kidogo cha fedha kinachoidhinishwa kituoni na kukaguliwa baadaye. Na kabla hamjafuta nafasi yoyote, nendeni mkakae na aliyeishika siku nzima kazini kwake, mwone anachokijua ambacho hakijaandikwa popote. Jedwali halina macho. Tazameni pia PABRA, mtandao wa maharage wa Afrika ulioanza mwaka 1996: CIAT, ambayo sasa imeungana na Bioversity International, inauratibu, lakini utafiti umebaki mikononi mwa taasisi za nchi, na kwetu kazi hiyo inafanywa na TARI Uyole, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio unaofaa: mtandao uunganishe maarifa na mbegu, na uamuzi wa lini jembe liingie ardhini ubaki kwa wanaoiona mvua.

Nilipopewa awamu ya pili ya mageuzi hayo, nilikataa Januari. Nilibishana na wakubwa zangu kwa wiki kadhaa, na mwishowe tarehe ikasogezwa hadi Agosti, mazao yakiwa ghalani na mashamba yakiwa matupu. Mkoba wa vibarua ukarudi Mbeya. Machi iliyofuata maharage yalipandwa kwa wakati, nami nilisimama pembeni ya vishamba vile nikiwa na furaha ambayo cheo hakijawahi kunipa.

Dada wa Iringa amenijibu jana. Waraka wao umekwisha kutoka, na muundo mpya unaanza 1 Februari, wakati mahindi ya majaribio yatakuwa yanasubiri palizi na mbolea ya kukuzia. Nimemsihi ampigie mkuu wake leo hii, aombe waraka huo urudishwe.