Jibu: filamu kuhusu kesho ya vijana wa Buhene

Dada, umeuliza uanzie wapi kutengeneza filamu na vijana wa Buhene, pembeni mwa mji wa Goma nchini Kongo (DRC), wanaojenga juu ya lava ya Mei 2021, bila kujua volkano ya Nyiragongo itatulia hadi lini. Usianze na mahojiano. Ukiuliza "kesho unaionaje?" utapewa majibu ya kuridhisha wageni. Waachie kamera, wapige picha mahali wanapotamani kuishi, kisha wachore juu ya picha zilizochapwa: mlango, shule, njia ya kukimbilia. Hapo ndipo maneno hutoka, na ubishi pia. Ubishi huo ni mali, urekodi kwa ruhusa yao. Waonyeshe kila kipande kabla ya mtu mwingine. Ficha sura na nyumba, hali ya Goma hubadilika ghafla. Anayetetemeka akikumbuka, zima kamera, umfikishe kwa mshauri wa kisaikolojia.