Maswali ya Wasomaji: Mawe Madogo Kuliko Punje ya Mchele

Nina fuwele za spineli (aina ya kito) kutoka Mahenge, kila moja milimita 2 hivi. Nilizibandika kwa supa gluu kwenye visanduku nikafunga. Sasa zina ukungu mweupe. Mawe yameharibika? (Msomaji, Morogoro)

Mawe ni mazima. Huo ukungu umetoka kwenye gluu: inapokauka hutoa mvuke, na ukifunga mfuniko mapema mvuke hauna pa kwenda, unatua kwenye fuwele na kuganda. Bandua fuwele, zitie kwenye kikombe cha kioo, mimina asetoni (kiyeyushi cha gluu) izifunike, ziache nusu saa, kisha zisugue kwa brashi laini ya rangi. Spineli haidhuriki. Usiimimine ndani ya kisanduku cha plastiki kwani kitayeyuka, na kaa mbali na moto.

Safari hii tumia gundi nyeupe ya mbao. Kisanduku cha sentimita 2.5 kila upande kinatosha. Ndani weka karatasi nyeusi isiyong'aa. Kata kijiti cha meno chenye urefu wa milimita 12 na ukipake rangi nyeusi kabla ya kukisimamisha, maana ukipaka baadaye brashi itagusa jiwe, na usipopaka kabisa jicho litaona mti kwanza. Kisimamishe katikati. Chovya ncha ya pini kwenye gundi, gusa kichwa cha kijiti, ngoja dakika mbili ianze kunata. Tone likizidi kichwa cha pini, gundi itapanda ubavuni mwa fuwele.

Kibano kiweke pembeni. Kitu cha milimita 2 kikibanwa vibaya huruka, na ukishasikia "tik" sakafuni umeshakipoteza. Lainisha nta ya nyuki kwa vidole, bandika chembe yake kwenye ncha ya njiti, uinulie fuwele kwa hiyo na kuitua kichwani mwa kijiti. Acha mfuniko wazi usiku mzima. Uzuri wa gundi hii ni kwamba ukikosea, unailowesha kwa maji na kuanza upya.

Na tafadhali, andika nambari chini ya kisanduku, kisha kwenye daftari: jina la madini, machimbo, kijiji, wilaya, tarehe. "Spineli, Tanzania" haitoshi. Tunaona vibandiko vingi vya "Arusha" kwenye mawe ya Merelani, ilhali Merelani iko Simanjiro, Manyara.

Nilipewa kipande cha lava ya Ol Doinyo Lengai, saizi ya punje ya hindi. Kilikuja cheusi, baada ya wiki mbili kimekuwa cheupe kama chokaa na kinamomonyoka. Nimedanganywa? (Msomaji, Moshi)

La, na huo weupe ndio ushahidi. Lava ya Lengai imejaa kabonati ya sodiamu, si silika kama ya volkano nyingine. Madini yake makuu ni nyerereiti, lililopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriiti. Yote mawili hunywa unyevu wa hewa na kugeuka madini mengine, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Ukipata kipande kingine, kitie siku hiyo hiyo kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, pamoja na gramu 5 za jeli ya silika, zile chembechembe za kwenye boksi la viatu. Nunua ile inayobadilika rangi ili ujue ikishashiba unyevu. Ikishiba, ioke kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa mbili. Usikioshe kwa maji. Hapa hata gundi ya mbao tuliyoisifia juu haifai, kwa sababu ina maji. Tumia gundi ya epoksi ya mirija miwili.

Nimepitisha sumaku kwenye takataka za paa letu Tabata, nimepata viduara vyeusi vinavyong'aa zaidi ya hamsini. Ni vimondo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hamsini kutoka paa moja? Hizo ni cheche za fundi wa kuchomelea, au za grainda. Jon Larsen wa Norwe na Matthew Genge wa Imperial College London walitangaza mwaka 2017 vimondo 500 hivi kutoka paa za Oslo, Berlin na Paris, na vilitoka kwenye kilo 300 za takataka.

Viangalie kwa hadubini ya mara 40. Cheche ni laini, inang'aa kama shanga, mara nyingi ina tundu au kishingo. Kimondo kimefifia, kwa kawaida milimita 0.3 hivi, na uso wake una mistari myembamba kana kwamba umechanwa kwa kitana. Wakati mwingine kidonge cha chuma kimechomoza upande mmoja. Siku nyingine funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, ili ukiichomoa chembe zidondoke zenyewe kwenye karatasi.

Kipande changu cha kimondo cha chuma kinatoa kutu. Nikioshe? (Msomaji, Tanga)

Si kwa maji ya bomba, yana klorini. Kisugue kwa mswaki mkavu, kiloweke siku nzima kwenye spiriti ya asilimia 96, kiache nje hadi spiriti yote iishe, ndipo kikaushe kwenye oveni saa moja kwa nyuzi 90. Halafu chupa na jeli, kama ile lava. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, angalia rangi ya jeli kila wiki.