Tumbo la Desemba: kula sikukuu Rombo na bado ulale usingizi

Wiki ya Krismasi huku Rombo, waliotoka mjini unawatambua kwa matumbo yao. Huyu amevimbiwa, yule kiungulia hakimwachi alale, mwingine hajapata choo tangu apande basi pale Mbezi. Wote wanailaumu nyama. Mimi ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa mlimani, na kila mwisho wa mwaka nasimamia sufuria jikoni kwa mama mkwe, kwa hiyo naona nani anakula nini na saa ngapi. Nyama ina lake, sikatai, ila inasingiziwa mengi. Kinachotuumiza zaidi ni saa za kula zilizovurugika, pamoja na vyakula vya siku zote ambavyo tunavifukuza mezani kwa sababu eti ni sikukuu.

Mambo huanza kuharibika kwenye basi. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, na kutoka Moshi bado una mwendo wa kupanda hadi Rombo. Wanawake hasa tunajinyima maji siku nzima, maana basi likisimama njiani ni kuchimba dawa, na si kila mtu ana moyo wa kuingia kichakani huku abiria wa dirishani wanaangalia. Sasa, kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Usipokunywa, unafyonza hata yale yanayolainisha choo, na kwa kuwa umekaa kwenye kiti kutwa nzima, utumbo wenyewe nao unazubaa. Unafika umefunga choo, halafu usiku huohuo unawekewa sahani ya mbuzi.

Mimi nakunywa maji funda mojamoja njia nzima, na basi likisimama kwenye hoteli zenye vyoo naenda hata kama sijabanwa. Chipsi kuku za njiani nawaachia wenye nazo. Nabeba ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, na tukifika Segera nanunua machungwa. Ila machungwa tule, tusiyafyonze. Sisi tumezoea kukamua maji mdomoni na kutupa makapi dirishani, kumbe makapi ndiyo yenye nyuzinyuzi ambazo tumbo la msafiri linazitafuta. (Na dirishani tusitupe pia, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Kuna jambo la choo cha nyumbani ambalo watu wanaona aibu kulisema. Nyumba iliyozoea watu wanne inalaza ishirini, choo ni kimoja, kiko nyuma ya zizi, na asubuhi pana foleni. Ukibanwa unajizuia, haja inapotea, kesho yake unalalamika. Utumbo huamka zaidi asubuhi, hasa baada ya kuweka kitu cha moto tumboni. Kwa hiyo naamka kabla ya wageni wote, nakunywa kikombe cha chai au uji, natembea kidogo kwenye migomba, kisha naenda zangu bila mtu kugonga mlango. Kama una watoto, wapeleke saa hiyohiyo. Mtoto wa mjini anayeogopa choo cha shimo anaweza kujizuia mpaka augue. Msindikize, mshikie tochi.

Turudi mezani. Kinachonishangaza huku ni kwamba kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kimezunguka nyumba pande zote na ndani yake mna karibu kila kitu ambacho tumbo linahitaji: ndizi, maharage, majani ya maboga, mnavu, magimbi, parachichi zinazodondoka zenyewe. Siku za kawaida ndivyo vinavyoliwa. Ikifika tarehe 24, vyote vinageuka chakula cha aibu, na sahani inakuwa pilau, nyama ya kuchoma, nyama ya mchuzi na soda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Nyama haina hata gramu moja, wali mweupe una kidogo sana, ilhali kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakufikisha karibu nusu ya safari.

Nilichofanya ni kumwomba mama mkwe ruhusa ya sufuria moja ya ziada. Tarehe 25 inapikwa pilau kama kawaida, na pembeni yake kunakuwa na kiburu au ng'ande, vyakula vya Kichagga vyenye maharage, na bakuli kubwa la mboga za majani. Mara ya kwanza mawifi walicheka, wakaniuliza kama kwetu Tanga ndiyo Krismasi ya hivyo. Sufuria ikaisha. Wazee ndio walioanza kuitafuta, maana hao ndio wenye meno mabovu na matumbo yanayojua lugha ya maharage. Ila kama mwaka mzima hukula maharage, anza na vijiko viwili, la sivyo gesi itakuumbua katikati ya kikao cha ukoo.

Shida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ziara. Desemba huku ni kipaimara kwa huyu, harusi kwa yule, kumbukumbu ya marehemu kwa wa tatu, na kila nyumba inakuwekea sahani. Ukikataa umetukana. Mlo wenye mafuta mengi hukaa tumboni saa kadhaa kabla haujashuka, kwa hiyo ukila nyumba tatu kabla ya jua kuzama, wa pili unaukuta wa kwanza bado haujaondoka. Nimejifunza kuwahi kusema kabla sahani haijapakuliwa: "Mama, naomba unipakulie mwenyewe, kidogo tu, bado shangazi ananisubiri huko juu." Anayepakua hakasiriki ukimwomba yeye ndiye apime. Pakiwa na mtori naomba mtori. Ni ndizi, ni mwepesi, na hakuna mama wa huku atakayesema nimedharau chakula chake. Nyama ikizidi, nasema "nifungie ya watoto," na inapokelewa kama sifa kwa mpishi. Njia kati ya nyumba na nyumba natembea kwa miguu, bodaboda zipo lakini nazipita.

Usiku ndio wa kuchungwa. Chakula cha jioni cha sikukuu kinaiva saa nne kwa sababu ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haijakauka, watu wanakula saa tano, saa tano na nusu wamelala chali. Asidi inapanda kooni, halafu asubuhi wanasema wana vidonda vya tumbo. Acha saa tatu hivi kati ya kula na kulala. Kama haiwezekani, kula mapema ndizi zilizopo, na ndafu uonje tu ikija. Lala ubavu wa kushoto, inua upande wa kichwa cha kitanda kwa matofali. Vidonda vya kweli mara nyingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hapo ndipo naogopa ile tabia ya kumeza diklofenaki asubuhi, tumbo tupu, kutuliza kichwa cha pombe ya jana.

Mbege siwezi kuisema vibaya nikabaki kwenye ukoo huu, na sina sababu. Ni ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe, lakini inanyweka ikiwa bado inachachuka, kwa hiyo inaleta gesi, na pombe yoyote huulegeza mlango wa juu wa tumbo unaozuia asidi isipande. Kula kwanza, na kata kwa kata weka maji katikati.

Usafi wa chakula nauandika kwa herufi ndogo lakini msome mara mbili. Pilau ikibaki usiku mzima jikoni kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa, katikati yake inabaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha. Sumu yao ikishatengenezwa, kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye sinia pana kipoe upesi kisha kiingie kwenye friji, na pasipo na friji pika kiasi cha kuisha. Gogo lililokatiwa nyama mbichi lisikatiwe nyama iliyoiva, na hili ndilo linalosahaulika kwa mchoma nyama karibu kila mwaka. Kisusio, ile supu ya damu, kikichemka vizuri sina ugomvi nacho. Damu mbichi hapana, maana ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo huingia kwa njia hiyo hata kwa binadamu. Na mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama bei yake inavutia. Huku kaskazini tunakifahamu kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu.

Kwenye mkoba wangu mna pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini kwa anayehara, na vidonge vya zinki, kwa sababu tarehe 25 duka la dawa la kijijini huenda likafungwa. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Metronidazo, ile tunayoiita flajili, sibebi wala simgawii mtu. Kuhara kwingi kwa sikukuu hakuihitaji, na mnywaji anakatazwa kuichanganya na pombe. Mwenye dawa ya omeprazo aliyoandikiwa aimeze nusu saa kabla ya kula, si baada ya kuanza kuungua.

Ukiona choo cheusi kama lami au chenye damu, matapishi yenye damu, tumbo limekuwa gumu huku unatapika na hata hewa haitoki, maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, au mtoto anayehara ambaye amelegea, macho yameingia ndani na hataki kunywa, hayo si ya kumaliziwa na tangawizi. Usisubiri wageni waondoke. Tafuta gari usiku huohuo.