Tamasha la muziki wa asili kwa mara ya kwanza: usiishie jukwaa kubwa

Mkuu, umeuliza ujiandae vipi kwa tamasha lako la kwanza la muziki wa asili, na kama unaweza kuona vikundi 12 kwa siku moja. Huwezi, na hata ungeweza, ungetoka hujasikia kitu. Chagua vitatu kwa siku ambavyo hutaki kabisa kuvikosa, vingine vipitie tu. Ratiba za matamasha haya huteleza: kikundi cha mchana kikichelewa dakika 10, kinachofuata kinarithi hizo na kuongeza zake, na ikifika usiku saa nzima imeshaliwa.

Mara nyingi si uzembe. Ngozi ya ngoma hulegea hewa ikiwa na unyevu, mlio ukawa mzito na butu, ndiyo maana utawaona wapigaji wakizipasha ngoma moto au kuzianika juani. Wanagonga kwa ncha za vidole, wanasikiliza, wanaigeuza, wanairudisha motoni. Kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, nayo ina nyuzi 21, na joto la taa likizilegeza lazima zikazwe upya mmoja mmoja. Wakati huo sogea karibu, usiondoke. Kumsikia mtu akiutafuta mlio sahihi ni somo zuri kuliko maelezo yoyote ya kwenye kipeperushi.

Kwenye jukwaa kubwa, simama karibu na meza ya fundi mitambo, mbele yake kidogo, kwa sababu anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa hapo. Ukijibana mbele kabisa utapata ngoma na spika za wanamuziki wenyewe, huku sauti ya mwimbaji ikikupita kichwani. Kwenye vihema visivyo na vipaza sauti ni kinyume: kaa mita 3 au 4 tu, maana mlio wa zeze haufiki mbali. Kwangu mimi, uhai wa tamasha uko humo na kwenye warsha, ambazo nafasi zake huwa chache. Wahi nusu saa.

Linda masikio. Kipimo wanachotumia wengi katika usalama kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikipanda 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Viziba masikio vya sponji visokote vidoleni mpaka viwe vyembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia sekunde 20 hadi 30 mpaka kivimbe. Wanaosema havisaidii mara nyingi wameviacha nusu nje.

Kwenye mduara wa kucheza, usikae kati ya mpiga ngoma kiongozi na mchezaji. Wanaongozana kwa macho: pigo la ngoma linaamuru mtindo ubadilike, na mguu wa mchezaji unaweza kumwita mpigaji. Kupiga makofi, fuata waitikiaji. Midundo mingi ya Afrika hubeba hesabu ya 3 na ya 2 kwa pamoja, na makofi ya kubahatisha yanawavuruga wenyewe.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, hasa nyimbo za jando au tambiko, na zima flashi.

Mengine ni ya kawaida: viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, chupa ya maji, pawabenki, picha ya ratiba kwenye simu. Panga na wenzako mahali na saa ya kukutana, kwa sababu mtandao hulemewa watu wakijaa.

Kama unabeba ala yako kwa zile pigapiga za usiku, watu wanapojumuika kupiga pamoja, kwanza sikiliza wimbo mzima, ujue nani anaongoza na wanapiga ufunguo gani. Gitaa tatu zikiwepo tayari, la kwako libaki kwenye mfuko, wewe itikia kiitikio.