Jezi ya baba yenu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza ile jezi ya bluu ya baba yenu, namba 14, uje kuichukua wewe au abaki nayo mdogo wako. Nitakujibu, ila kwanza niseme habari ya ile Jumamosi, maana hujawahi kunisikia nikikiri kosa.

Tarehe 2 Desemba 2017 wewe ulikuwa naye Todoroki, uwanja wa Kawasaki Frontale kule Japani. Mimi nilikataa. Tiketi ameshanunua, nne, nami nikamwambia siendi kukaa kwenye baridi kutazama watu wa kushika nafasi ya pili. Na nilikuwa na ushahidi! Kawasaki Frontale walikuwa wa pili kwenye ligi 2006, 2008, tena 2009. Mwaka wenyewe huo wa 2017 ulianza kwa kufungwa na Kashima fainali ya Kombe la Mfalme, Novemba wakafungwa na Cerezo Osaka fainali nyingine. Nikabaki na mdogo wako, napiga pasi nguo.

Mlirudi usiku, baba yenu sauti imekauka. Tano bila dhidi ya Omiya, na Kashima wametoka suluhu kule Iwata. Pointi 72 kwa 72, mmewapita kwa tofauti ya magoli, ubingwa ni wenu. Ngao halisi ilikuwa Iwata ikiwasubiri Kashima, kwa hiyo wachezaji wenu wakainua beseni la bafuni. Nilidhani ananitania mpaka nilipoona picha. Lakini hakukaa sana kwenye habari ya beseni. Alikuwa anarudia lile la Nakamura Kengo, namba 14 wenu: filimbi imelia, mtu mzima wa miaka 37 kaanguka kwenye nyasi analia. Alivua koti, akaionyesha jezi, ina mchuzi wa kari hapa kifuani. Ile pasi niliyokuwa nimeshika niliitamani iniunguze.

Unajua ninavyosema siku zote: kuondoka ni nauli tu, kukaa ndiyo kazi. Kengo aliingia Kawasaki 2003 akitokea Chuo Kikuu cha Chuo, timu iko daraja la pili. Akapanda nayo. Miaka kumi na minne bila kombe kubwa hata moja, na yeye yupo. Mwaka 2016, akiwa na miaka 36, wakamchagua mchezaji bora wa ligi nzima, bado hana kombe kubwa. Kukaa ndiyo kazi.

Haya, na mimi nani wa kusema hivyo? Sisi wenyewe tulifungasha tukarudi Tanga. Wewe ukaondoka tena, na pesa yako ndiyo iliyolipa dawa. Huenda kama hukuondoka, tungemkosa baba yenu mapema zaidi. Basi sijui. Huenda hata Kengo alikaa kwa sababu tu pale palimfaa, na watu tunampamba.

Ila lile goti la Kengo. Alikatika kano Novemba 2019, na umri ule, daktari yeyote angemwambia apumzike. Agosti 2020 akarudi uwanjani, na siku hiyohiyo akafunga. Tarehe 31 Oktoba, siku anatimiza miaka 40, akawafunga FC Tokyo bao la ushindi. Kesho yake akatangaza anastaafu. Baba yenu hakuweza tena kuketi. Mdogo wako ndiye aliyemshikia simu juu ya mto alitazame lile bao, mkono ukichoka anabadilisha. Alilitazama mara nyingi. Mara ya mwisho alicheka.

Kwa hiyo wewe ulikuwa uwanjani, yeye alishika simu. Unaona unavyoniweka pabaya? Ningekuwa nasema, ningesema... hapana. Mzungumze wenyewe, mpigie wewe, wewe ndiye mkubwa.

Jezi nimeifua leo asubuhi, iko kambani. Nimeigeuza ndani nje ili namba isipauke. Ule mchuzi bado haujatoka.

Mama yako