Msuguano: kabla ya kuzidisha, jiulize kama kitu kinateleza

Swali lililoniumbua nikiwa mwanafunzi lilikuwa fupi. Sanduku la kilo 40 liko sakafuni, kizidishi cha msuguano tuli, yaani namba inayoonyesha nyuso mbili zinashikana kiasi gani, ni 0.5, mtu analisukuma kwa nyutoni 100 na halisogei. Kani ya msuguano ni kiasi gani? Uzito ni nyutoni 392, nikazidisha kwa 0.5, nikaandika 196 na kupigia mstari kwa mbwembwe. Nikala mkasi.

Jibu ni 100. Sakafu ingekuwa inarudisha 196 dhidi ya 100 zake, sanduku lingemfuata yule anayelisukuma! Msuguano tuli, yaani ule wa nyuso zilizogusana bila kuteleza, hauna kiasi kimoja. Ukisukuma kwa 10 unajibu 10, ukisukuma kwa 150 unajibu 150, mpaka ufike kikomo chake. Hiyo 196 ni kikomo tu. Kwa hiyo usishike kikokotoo kabla hujajua kama kitu kinateleza au la.

Kikianza kuteleza, unaingia msuguano wa mtelezo, ambao kwa kawaida ni mdogo kuliko kikomo kile. Aliyewahi kusukuma kabati anaujua: kazi ni kuling'oa, likishang'oka linakwenda.

Kitu nilichokataa kabisa kuamini ni kwamba ukubwa wa eneo la mgusano haubadilishi msuguano. Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza hilo mwaka 1699, nami bado nilibisha. Nikafunga tofali kwenye mizani ya springi, nikalivuta likiwa limelala, kisha likiwa limesimama kwa ubavu. Vipimo vilikaribiana mno. Sababu ni kwamba nyuso, hata zikionekana laini, zina vilima vidogo vidogo, na zinagusana kwenye vilele tu. Tofali likilala, uzito unagawanywa kwa vilele vingi vinavyobanwa kidogo. Likisimama, vilele ni vichache lakini vinabanwa zaidi. Mgusano halisi unabaki uleule.

Jaribu na hili, halihitaji maabara. Weka kitabu juu ya ubao, inua upande mmoja polepole, na kitabu kinapoanza tu kuteleza pima pembe ya ubao. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizidishi cha msuguano tuli. Nyuzi 27, kwa mfano, zinakupa kama 0.5. Rudia mara kadhaa, maana kipimo kimoja hudanganya.

Gurudumu lina mtego wake. Linapoviringika vizuri, sehemu inayogusa barabara haitelezi, kwa hiyo breki zinategemea msuguano tuli. Magurudumu yakijifunga, gari linateleza, na hapo msuguano unapungua pale pale unapouhitaji. Kuna pia ukinzani wa kuviringika, unaotokana na tairi na barabara kubonyea, nao ni mdogo sana ukilinganisha na kuburuza.

Hewa na maji usiyapeleke kwenye kanuni ya kuzidisha uzito. Huko mwendo na umbo la kitu ndivyo vinavyoamua.

Halafu kuna mshale. Wengi huuchora kinyume na mwendo bila kufikiri, wakati msuguano hupinga kuteleza, si lazima upinge safari. Mimi nikichora mtu anayetembea huanzia kwenye wayo: unasukuma ardhi nyuma, na msuguano unamsukuma mwenyewe mbele.