Fundi mpya, jifunze kuandika saa

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo vya ufundi vya VETA Mtwara na Lindi, iwe mnaenda kwenye gesi kule Madimba, bandarini au viwanda vya korosho, spana mnazijua, hapo sina wasiwasi kabisa. Kinachowasumbua ni daftari la zamu na redio ya mkononi.

Mimi nilifunzwa na saa. Mwaka wa kwanza niko zamu ya usiku kiwanda fulani, mota ya feni ikaanza kulia, kugusa beringi (gololi zinazobeba shafti) ya upande wa puli, lile gurudumu la mkanda, ni moto balaa, nikapiga grisi ikatulia, nikaandika kwa Kingereza changu cha kuungaunga kwamba mota namba 3 ilipata moto saa 4, nimegrisi, iko poa. Saa 4 yangu ni ya usiku. Injinia alieingia saa 12 asubuhi mgeni, anasoma saa za Kizungu, akaelewa ni saa 10 alfajiri, yaani kazi ya masaa mawili tu yaliyopita, akaiacha iendelee. Kumbe imeshakimbia masaa nane na moto umerudi. Mchana haujafika beringi ikakwama na waindingi, zile nyaya za ndani ya mota, ikaungua. Iliniuma sana maana kazi ya mikono niliifanya, kilichoua mota ni namba moja niliyoandika.

Sasa hivi naandika hivi: "22:10, mota 3, beringi upande wa puli nyuzi 95, baada ya grisi nyuzi 80, ipimwe kila saa, ikifika 90 izimwe, beringi mpya stoo hamna." Hilo neno "iko poa" lifuteni kabisa, pima uandike.

Kwenye kuongea kuna mtego mwingine jamani. Kwa Kingereza valvu ikifungwa gesi haipiti, ila breka ya umeme, ile swichi kubwa, ikifungwa ndo umeme unapita, sasa wewe uliyezoea funga ni kuzima ukisikia kwenye redio "klozi breka namba 5", yaani ifunge, unaweza kujibu ndiyo bosi halafu ukafanya kinyume, na huko mbele kuna mwenzako kashika waya. Rudia agizo kwa maneno yako: "Nawasha breka namba 5, umeme unaenda pampu, sahihi?" Usiogope hata akikujibu kwa hasira, na usione aibu eti ni mtu mzima utamkosea adabu, huku kwetu tumelelewa kuitikia wakubwa tu lakini kwenye umeme kuuliza ndo heshima yenyewe.

Kama bado hujapata ajira nunua kadaftari. Hata ukienda kurekebisha feni ya jirani Chikongola andika tarehe, saa, umekuta nini, umepima nini, umefanya nini, kimebaki nini. Kijana mmoja niliyemwambia hivyo aliingia usaili bila cheti cha uzoefu, akalifungua daftari mezani, wakalisoma karibu lote.